Usifute

Mashine haijui Kiswahili.
Vitufe vyake vina Kichina, na juu ya Kichina
Mhando alipaka tipeksi, akaandika kwa wino:
NGUVU. KASI. FREMU. ANZA. SUBIRI.
Hicho cha mwisho kimelika kwa kidole,
sasa kinasema BIRI.

Nilifundishwa hapa hapa, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
ukutani kwa fundi saa, feni ikivuta moshi kuutupa uchochoroni.
Mninga: nguvu sitini, kasi mia na ishirini.
Kioo: ishirini tu, na ukipake sabuni kwanza kisije kikapasuka.
Ngozi: kumi na mbili, na ufungue dirisha,
maana ikiungua majirani hudhani pana shughuli,
wanakuja na sahani.
"Nguvu bila kasi ni moto," alisema Mhando,
"kasi bila nguvu ni kivuli,"
kisha akaenda kununua chapati, akaniacha peke yangu na leza.

Leo kaja Mama Zubeda wa kikundi cha Tuinuane
na miko arobaini na miwili ya kupikia pilau.
Kila mmoja uandikwe: MALI YA TUINUANE. RUDISHA.
Nikachomeka flashi. Skrini ikagoma.
Ule mstari mwekundu ninaujua bila kuusoma:
kumbukumbu imejaa.

Nikashuka na orodha. HARUSI-A. HARUSI-B.
DKT-MENO. KOMBE-3. STAREHE-BAA.
Na chini kabisa, faili ya zamani kuliko zote: USIFUTE.

Nikampigia. Siku hizi yuko Muheza, machungwa.
Nyuma yake nilisikia matenga yakigongana.
"Usifute? Ipi hiyo? Sikumbuki, mwanangu.
Futa tu, huku tunapakia."

Arobaini na miwili mezani,
na mwiko mmoja ndani ya mashine,
na aliyeuweka kausahau.

Nikabonyeza FREMU.
Nukta nyekundu ikatembea juu ya meza tupu,
ikapima mstatili wa kiganja na nusu, ikarudi ilikoanzia.
Haikusema zaidi.
Nikatafuta kipande cha plaiwudi, nikashusha lenzi,
nikaweka nguvu kumi, kasi mia tatu, nikafunga mfuniko.

Leza haiandiki kama mkono.
Haimalizi herufi ndiyo ishike nyingine.
Inakwenda, inarudi, kama mtu anayefagia uwanja,
inachoma vichwa vya herufi zote kwanza,
halafu viuno,
halafu miguu.
Kwa muda mrefu hujui unasoma nini.

MAREHEMU BI. MWANTUMU SHEKUE
ALIZALIWA 2009
ALIFARIKI 1938

Moshi ulikuwa mdogo. Feni ikaumaliza.

Nilikaa na kipande kile, kingali na joto.
Sikujua kama kibao kilifika makaburini,
kama kuna mtoto wa Bi. Mwantumu aliyelia mara mbili,
au kama Mhando alikigundua mapema
akalipia marumaru nyingine kwa pesa yake.
Nilichokijua ni kile kidole chake
kikigonga skrini, kila kazi, miaka minne:
"Soma kwa sauti. Soma tena. Ndiyo ubonyeze."
Nami nikidhani ni ukorofi wa uzee.

Nikafuta KOMBE-3,
mshindi wa tatu, mbio za magunia. Atanisamehe.
Miko ikaingia. Mashine ikalia mlio wake mfupi.

"MALI YA TUINUANE," nikasoma. "RUDISHA.
MALI YA TUINUANE. RUDISHA."
"Unamwambia nani?" akauliza Mama Zubeda.
"Naziangalia herufi tu, mama."
"Haya. Lakini usinicheleweshe, wali wa watu huo."

ANZA.

Mhando sikumpigia tena.
Kile kipande nimekisokomeza chini ya mguu wa meza,
ule unaotikisika leza ikienda kasi,
maandishi yakiangalia sakafu.
Tangu mchana meza haijacheza.